Kupangisha nyumba yenye mkopo wa benki: anza na idhini

Nilipohamishwa kikazi kutoka Nairobi kwenda Kisumu, nyumba yangu ya Syokimau ilikuwa imebakiza miaka 11 ya mkopo. Mpangaji nilimpata wiki hiyohiyo, akalipa depoziti, akaingia. Benki sikuiambia. Miezi minne baadaye mthamini alikwenda kukagua nyumba kwa ajili ya bima, akafunguliwa mlango na mtu asiyemjua. Wiki ile nikaletewa barua ya onyo kwamba nimevunja masharti ya mkopo.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza nyumba, toa hati ya rehani uliyotia sahihi kwa wakili. Barua ya mkopo pekee haitoshi. Tafuta sharti linalokukataza kupangisha bila ruhusa ya benki. Likiwepo, kifungu cha 87 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamzuia msajili wa ardhi kusajili upangishaji wowote mpaka aone idhini ya benki kwa maandishi. Kama mkopo ni wa mpango wa mwajiri wenye riba nafuu, muulize mwajiri kwanza, kwa kuwa huenda ulipewa kwa sharti la kuishi humo mwenyewe.

Barua ya kuiomba benki idhini ndiyo iliyonila wiki saba. Mara ya kwanza niliandika tu kwamba nimehamishwa, ikarudi. Mara ya pili niliambatisha barua ya uhamisho, ikarudi tena kwa sababu rasimu ya mkataba wa mpangaji haikuwemo. Mara ya tatu rasimu ilikuwemo, lakini haikusema kwamba haki za mpangaji ziko chini ya rehani ya benki, yaani haki ya benki hutangulia ya mpangaji. Ambatisha vyote kwa pamoja: barua ya uhamisho, taarifa ya malipo ya mkopo isiyo na deni lililochelewa, bima ya moto, na rasimu yenye kipengele hicho. Mkataba uwe wa mwaka mmoja. Ukizidi miaka miwili utahitaji kusajiliwa. Peleka mwenyewe na nakala yako igongwe muhuri.

Katika barua hiyohiyo, uliza kama riba itapanda, ada ni kiasi gani, na idhini itadumu muda gani. Jibu la mdomo la karani usilitegemee. Kisha ijulishe kampuni ya bima kwamba sasa anaishi mpangaji.

Upande wa ushuru ndio watu wengi husahau. Nafuu ya riba ya mkopo, yaani riba inayotolewa kwenye mapato yako kabla ya kukatwa ushuru, ambayo sasa hufika shilingi 360,000 kwa mwaka, ni ya mwenye nyumba anayeishi humo. Siku unapohama, iandikie ofisi inayoshughulikia mishahara waiondoe, la sivyo deni la ushuru litakufuata.

Kodi ya nyumba unayopokea ikizidi shilingi 288,000 kwa mwaka, unalipa ushuru wa asilimia 7.5 kupitia iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya ushuru (KRA), kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa kodi ya 35,000 kwa mwezi, hiyo ni 2,625. Ushuru huu hukatwa kwenye kodi yote. Riba ya benki haitolewi kwanza. Riba ikimeza sehemu kubwa ya kodi, piga hesabu na mhasibu, kwa sababu unaweza kumwandikia Kamishna wa ushuru uwekwe kwenye utaratibu wa kawaida wa ushuru wa mapato wa mwaka, ambako riba hutolewa. Na mwezi ambao nyumba ni tupu, bado wasilisha ritani (taarifa ya ushuru) ya sifuri.