Kutafuta Kazi ya Kiraia ya Serikali ya Marekani Ng'ambo Baada ya Kutoka Jeshini

Miongoni mwa wanaolitumikia jeshi la Marekani wamo Wakenya, Watanzania na Wakongo walioingia wakiwa na grini kadi na kuapa uraia wakiwa bado kwenye sare. Mkataba unapoelekea kuisha mtu yuko katika kambi za Ramstein Ujerumani, Vicenza Italia au Yokosuka Japani, watoto wamekwisha kuzoea shule, na wazo la kubaki palepale akiwa mtumishi wa kiraia humjia upesi. Njia hiyo ipo. Hata hivyo, mara nyingi kinachoamua si ustadi peke yake, bali ni mahali ulipo na hadhi uliyo nayo siku unayovua sare. Kwa hiyo maandalizi yaanze angalau mwaka mmoja kabla, wakati uleule ambao jeshi lenyewe linataka uanze mafunzo ya kurudi katika maisha ya kiraia, wala yasisubiri hadi fomu ya DD-214, yaani hati ya kutoka jeshini, iwe mkononi.

Jambo la kwanza ni uraia, kwa kuwa nafasi nyingi za serikali kuu hutolewa kwa raia wa Marekani pekee. Ikiwa hujawa raia, jaza fomu ya N-400 ya kuomba uraia ukiwa bado kazini, maana uthibitisho wa utumishi unaotakiwa hupatikana kwa urahisi zaidi ukiwa na kikosi chako. Mtanzania alipime suala hili kwa makini, kwani sheria ya nchi yake haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, ilhali Mkenya aliruhusiwa na Katiba ya 2010.

Suala linalofuata ndilo linalowagharimu watu fedha nyingi zaidi, nalo ni la mahali unapoajiriwa. Aliyeajiriwa kutoka Marekani kwa kawaida husafirishwa yeye, familia na vyombo vyake, hupewa ahadi ya kurudishwa nyumbani, na huweza kulipwa posho ya makazi ambayo hufidia kodi ya nyumba pamoja na umeme na maji. Aliyeajiriwa akiwa tayari yuko ng'ambo hana uhakika wa hayo. Kanuni zinamruhusu kufikiriwa kwa posho hiyo ikiwa aliletwa huko na serikali, jeshi likiwemo, na akaendelea kuwa chini ya mwajiri huyohuyo mwenye wajibu wa kumrudisha nyumbani hadi siku ya kuajiriwa. Chukua mfano wa masajini wawili wanaostaafu Stuttgart, Ujerumani: mmoja anahama moja kwa moja kutoka kikosini hadi ofisi ya kiraia, na mwingine anafanya kazi kwanza katika kampuni ya mjini huku akingoja majibu. Huyu wa pili anaweza kuipoteza posho yote kwa sababu ya kazi hiyo ya kupitishia muda. Aidha, posho hii si haki ya kila mtu, bali ni uamuzi wa mwajiri, na katika ukaguzi wa 2013 Wizara ya Ulinzi ilibaini mamia ya watumishi waliokuwa wakilipwa bila kustahili, baadhi yao wakiwa wamehakikishiwa na ofisi za utumishi zenyewe. Kwa hiyo omba uamuzi huo kwa maandishi kabla ya kusaini chochote.

Jambo lililo karibu na hilo ni mkataba wa hadhi ya majeshi kati ya Marekani na nchi mwenyeji, ambao kwa nchi za NATO ulitiwa saini mwaka 1951. Mtumishi wa kiraia hulindwa na mkataba huo mradi asihesabiwe kuwa mkazi wa kawaida wa nchi ile. Ukikaa muda mrefu baada ya kutoka jeshini, ukachukua kibali cha ukaazi au kazi ya wenyeji, unaweza kuhesabiwa hivyo, na nafasi uliyoitamani ikakupita hata kama sifa zote unazo.

Anayestaafu ana kizuizi kingine kisichomhusu aliyemaliza mkataba wa kawaida: haruhusiwi kuajiriwa kama mtumishi wa kiraia katika Wizara ya Ulinzi ndani ya siku 180 baada ya kustaafu, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wizara nyingine hazibanwi na sheria hiyo.

Matangazo ya nafasi huwekwa katika tovuti ya USAJOBS, na kabla ya kusoma majukumu soma kwanza sehemu inayoeleza nani anaruhusiwa kuomba. Waliotumikia katika vipindi au kampeni za kijeshi zilizotajwa na sheria hupata upendeleo wa pointi 5, na wenye ulemavu uliotokana na utumishi pointi 10, ambazo huthibitishwa kwa fomu ya SF-15 pamoja na barua ya idara ya maveterani. Mstaafu wa cheo cha meja au zaidi hapati upendeleo huo kama hana ulemavu. Utaratibu wa kuajiri maveterani uitwao VRA humruhusu meneja kukuajiri bila ushindani hadi ngazi ya mshahara ya GS-11, na kwa wengi unatumika ndani ya miaka mitatu tangu kutoka jeshini. Kwa maoni yangu ndio unaosahaulika kuliko yote, ingawa kumwandikia meneja moja kwa moja ukiutaja hakukatazwi.

Wasifu sasa usizidi kurasa mbili, kanuni iliyoanza 2025. Andika mwezi na mwaka wa kila kazi, saa kwa wiki, na majukumu kwa lugha ambayo asiye mwanajeshi ataielewa: badala ya namba ya fani yako ya jeshi, sema uliendesha malori mazito na kusimamia madereva wangapi. Kiswahili kisiachwe kama pambo la mwisho wa ukurasa. Makao makuu ya kamandi ya jeshi la Marekani kwa Afrika yako Stuttgart na kambi ya Lemonnier iko Djibouti, hivyo taja kiwango chako pamoja na matokeo ya mtihani wa lugha kama uliufanya.

Nje ya Wizara ya Ulinzi iko Wizara ya Mambo ya Nje, yenye nafasi za wataalamu wa ulinzi, mawasiliano na utawala balozini. USAID, shirika la misaada la Marekani lililokuwa kimbilio la wengi wenye uzoefu wa Afrika, lilifungwa 2025.

Ukishapata ofa, jiandae kwa uchunguzi wa usalama, ambapo ndugu walio Mombasa au Bukavu hutajwa wote bila kuficha. Kuficha hudhuru kuliko undugu wenyewe. Kumbuka pia kwamba ajira za ng'ambo za Wizara ya Ulinzi kwa kawaida zina ukomo wa miaka mitano, ingawa muda huweza kuongezwa. Na unapolinganisha mshahara na ule wa kampuni binafsi, zingatia kuwa mtumishi wa serikali hapati ule msamaha wa kodi ya mapato wanaopewa Wamarekani wengine wanaofanya kazi ughaibuni.