Miombo ikiungua: tunza chipukizi kabla ya kuagiza miche

Moto wa Septemba au Oktoba ukipita kwenye msitu wa kijiji, watu huona majivu na kukimbilia kuagiza miche. Subirini mvua. Mtundu na mtondoro, miti mikuu ya miombo, huungua juu, lakini mizizi hubaki hai, na chipukizi linalolishwa na mizizi ya miaka mingi hukua haraka kuliko mche wa kitaluni.

Majani yakishatoka, pimeni viwanja vya mita 10 kwa 10 sehemu mbalimbali za msitu. Hesabuni mashina yanayochipua, mzidishe wastani kwa 100 mpate idadi ya hekta moja. Mkipata mashina manne kwa kiwanja, hayo ni 400 kwa hekta. Kupanda hapo ni kupoteza fedha. Mti uliosimama bila majani ukwaruzwe gome kwa kisu karibu na ardhi, pande zote nne, maana moto huunguza zaidi upande uliokingwa na upepo. Chini ya gome kukiwa kubichi, uacheni.

Shina lililokufa juu lakini linachipua chini likatwe sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasituame. Wengi hukata usawa wa kiuno kwa uvivu wa kuinama tu. Machipukizi ya juu hivyo hushikilia pembeni mwa kisiki. Kisiki kikioza, upepo huyabwaga yakiwa yameshakuwa miti.

Msipunguze machipukizi mvua zikiwa bado zinanyesha: mengine yatavunjika au kuliwa, na hamjui yapi. Ngojeni Mei. Kwenye kila kisiki acheni mawili au matatu yaliyonyooka, yaliyotokea chini kabisa, pande tofauti. Mengine yakatwe kwa kisu kikali; ukiyavuta kwa mkono unachuna gome la kisiki. Yaliyobaki yapogolewe matawi ya chini, bila kuvuka nusu ya urefu, kisha yafungwe kitambaa ili mchungaji ayaone. Waliozoea kisiki hai cha shambani Dodoma, yaani kutunza machipukizi ya visiki katikati ya mazao, hutandaza matawi chini ya shina yatunze unyevu. Kwenye msitu unaopitiwa na moto, hizo ni kuni mmezipanga wenyewe. Zipelekwe mbali na shina.

Mninga mchanga una tabia yake: hukauka juu kila kiangazi, kwa miaka kadhaa, huku ukijenga mzizi. Kijiti kikavu cha mninga kising'olewe.

Sasa moto, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Huko Ndola, Zambia, majaribio yaliyoanza 1933 yalionyesha kwamba viwanja vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi mwaka baada ya mwaka viligeuka nyasi, na vilivyochomwa mapema vilibaki na miti. Basi chomeni mapema, Mei hadi Juni, nyasi zikiwa na ubichi, lakini kuzunguka eneo linalochipua, si ndani yake. Hata moto hafifu huua machipukizi yaliyo chini ya kimo cha mtu, na kisiki kinachochipua upya kila mwaka huishiwa akiba ya mizizi.

Fyekeni njia mbili zinazokwenda sambamba, kila moja mita 2 hadi 3, mpaka udongo uonekane, kisha mchome nyasi zilizo katikati. Washeni jioni, upepo ukiwa mdogo, moto ukienda kinyume na upepo. Umande utausaidia kuzimika. Watu wawe na matawi mabichi, majembe na maji, na kibali kiwe kimepatikana kabla: Sheria ya Misitu ya Tanzania ya 2002 inakidai. Warina asali nao wapewe bomba la moshi, maana kienge kilichoachwa chini ya mzinga huwasha msitu mzima.

Mbuzi na ng'ombe wakae nje angalau misimu miwili ya mvua. Nyasi zikatwe na kubebwa nyumbani. Zinalisha mifugo na kupunguza kuni za moto.

Mapengo yasiyo na kisiki hai ndiyo ya kupandwa, mvua zikianza. Mkongo huota vizuri kwa mbegu. Mtundu mgumu zaidi: mbegu zake hazidumu ghalani, na mizizi yake huhitaji kuvu wa udongoni, hivyo tieni kwenye shimo konzi mbili za udongo kutoka chini ya mtundu mzima uliosalimika.