Mzee anasahau na bunduki iko ndani: fanya hivi

Kama baba ameanza kusahau na ana bastola au shotgan ya leseni, usisubiri azidiwe, usiku anaweza kukuona wewe mwanae akadhani ni mwizi. Kuificha juu ya kabati haitoshi kabisa, sehemu zake za zamani huwa anazikumbuka vizuri tu hata kama jina lako limempotea.

Kwa Tanzania leseni ni ya kwake sio yako, so usiibebe mwenyewe, nenda polisi ueleze hali yake waje waichukue alafu mpewe karatasi ya makabidhiano. Wakati mnasubiri polisi, bunduki ifungiwe, risasi kufuli lingine, funguo utembee nazo. Hujui kuitoa risasi? Usiiguse. Akiiulizia usibishane, mwambie iko kwa fundi.