Kabla Hujatuma: Namna ya Kujikinga na Matapeli wa Simu Ukiwa Lamu

Tapeli wa simu hana bidhaa nyingine ila haraka. Atakupigia adhuhuri uko jikoni, akwambie kwamba mwanao anayesoma Mombasa ameanguka, amekimbizwa hospitalini, na daktari hatamshughulikia mpaka zitumwe shilingi elfu kadhaa sasa hivi kwa namba atakayoitaja. Huku kwetu hila hii hupata njia kwa wepesi, kwa sababu nyumba nyingi za Lamu, Pate na Faza zina mtu aliye mbali: kijana yuko Nairobi, binti yuko Saudia, mume yuko baharini na simu yake haipatikani mpaka chombo kirudi. Tapeli akibahatisha saa ambayo huwezi kumpata mwenyewe, hofu hufanya kazi iliyobaki.

Kwa hivyo kinga ya kwanza hupangwa kabla simu haijalia. Keti na watu wa nyumbani mwako, na kwa kila aliye mbali andikeni namba ya mtu wa pili anayeweza kumfikia: mwalimu wake, mwenziwe wa chumbani, mwenye chombo, au kiongozi wa BMU (kamati ya wavuvi) ya ufuo wenu. Habari mbaya ikija, kata simu bila kuomba radhi, kisha piga wewe mwenyewe kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Usiipigie ile iliyoleta habari wala nyingine utakayopewa nayo. Hata sauti ikifanana na ya mwanao, muulize jambo la ndani ya nyumba ambalo mgeni hawezi kulijua, kwa kuwa siku hizi kompyuta huweza kuiga sauti ya mtu. Mwenye dharura ya kweli atakusubiri dakika tano hizo, na hospitali itajibu simu.

Hila ya pili ni ya pesa "zilizotumwa kimakosa", nayo huwapata zaidi wafanyabiashara. Unaletewa ujumbe kwamba umepokea shilingi elfu tatu, na punde mtu anapiga akilia kwamba amekosea namba na pesa hizo ni za dawa za mama yake. Hapa soma ujumbe polepole. Ujumbe halali wa M-PESA huingia chini ya jina la MPESA, katika mfululizo uleule wa jumbe zako za zamani, na salio lililoandikwa mwishoni hulingana na hesabu yako. Ule wa uongo mara nyingi hutoka kwa namba ya simu ya kawaida, na salio lake huwa limefichwa au halihusiani kabisa na ulichokuwa nacho. Usiridhike na kusoma peke yake. Fungua menyu uangalie salio lenyewe. Ikiwa pesa kweli zimeingia, bado usizirudishe kwa mkono wako, kwa sababu mtumaji anaweza kupokea kutoka kwako na papo hapo akaomba muamala wa kwanza ubatilishwe, ukalipa mara mbili. Mwambie kwa upole autume ujumbe wake wa muamala kwa 456, na Safaricom, kampuni yenye M-PESA, itashughulika naye. Muuza samaki au mwenye duka pale Langoni naye asikabidhi kitu kwa kuonyeshwa kioo cha simu ya mnunuzi. Ujumbe unaohesabika ni ule ulioingia katika simu yake mwenyewe.

Wengine hujifanya wahudumu. Safaricom imewatangazia wateja wake kwamba huwapigia kwa 0722 000 000, na hakuna mhudumu halali, wa kampuni yoyote ile, atakayekuuliza namba yako ya siri. Lililo hatari zaidi ni pale unapoombwa ubonyeze tarakimu fulani "ili laini isifungwe". Ukibonyeza *33*0000# umejifungia simu zote za kutoka, na tapeli amepata muda ambao huwezi kumpigia yeyote ukahakikisha. Kuifungua unabonyeza #33*0000#. Tarakimu zinazoanza na *21* zikifuatwa na namba ya mtu humpelekea yeye simu zako zote, na ##002# huiondoa hali hiyo. Msimamo wangu ni kwamba usibonyeze lolote kwa kuagizwa na mtu aliyekupigia, hata akikutajia jina lako kamili na namba ya kitambulisho, maana mambo hayo yameandikwa katika madaftari mengi tunayoyajaza mapokezini.

Laini pia huweza kuibwa kwa kusajiliwa upya katika kadi nyingine. Dalili yake ni mtandao kupotea ghafla, jambo ambalo sisi tumelizoea mno, hasa wanaosafiri kuelekea Kiunga. Basi tazama simu ya jirani: ikiwa yake ya kampuni ileile ina mtandao na yako haina, azima simu hiyo upige 100, namba ya huduma kwa wateja, mara moja. Mteja wa Safaricom anaweza kujikinga mapema kwa *100*100#, inayozuia laini yake isibadilishiwe kadi kiholela, na kwa *106# ataona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Wazee wetu wana hatari yao ya peke yake. Bibi humpa mjukuu namba ya siri amsomee salio, au humtajia wakala kwa sauti mbele ya foleni, na kila mtu anaisikia. Mjukuu mwema amfundishe bibi kuibonyeza mwenyewe, hata kama itachukua wiki nzima. Wala asiseme kwamba hana kitu cha kuibiwa: mwenye namba ya siri anaweza kukopa Fuliza, mkopo wa M-PESA, kwa jina lake, na deni likabaki kwa bibi.

Kwa vijana wanaoahidiwa kazi za Ghuba kwa ada ya "medikali" au viza kupitia simu, wathibitishe kwanza kwamba wakala ana leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na wasitume ada kwa namba ya mtu binafsi.

Ikiwa pesa zimekwisha kwenda, kila dakika ina thamani. Tuma ujumbe wa muamala kwa 456 kabla mwizi hajazitoa, badilisha namba ya siri, ripoti namba yake kwa 333, kisha nenda kituo cha polisi uandikishwe na upewe namba ya OB (daftari la matukio). Idara ya upelelezi nayo hupokea taarifa bila malipo kwa 0800 722 203. Sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta inauhesabu wizi huu kuwa kosa la jinai, kwa hivyo usiufiche kwa haya. Waambie jamaa na majirani siku hiyohiyo, kwani namba iliyokuibia huenda inawapigia wao. Na akitokea mtu anayedai kuwa anaweza kuzirudisha pesa zako mradi umlipe kidogo kwanza, huyo pia ripoti namba yake kwa 333.