Jua la mwaka huu limevunja rekodi kweli? Cheki hivi

Ikifika Februari, panda boda Gulu au Kampala, lazima utaambiwa jua kama hili halijawahi kuwaka. Inawezekana kabisa, ila kabla hujaforwadi kwa grupu la WhatsApp pima kwanza.

Ile namba ya kwenye simu inayosema "unahisi kama nyuzi 38" achana nayo, imechanganya joto na unyevu wa hewa. Kipimajoto ulichotundika dukani chini ya mabati nacho kinakupa joto la mabati, basi. Stesheni za hali ya hewa zinaweka chao ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha hewa, kivulini, mita moja na kitu hadi mbili kutoka ardhini.

Alafu shika stesheni moja tu, Gulu kwa Gulu, maana Kabale iko huko milimani na baridi yake hailingani na mtu. Mwezi pia uwe uleule, Februari kwa Februari, usiniletee Julai.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua joto la juu la kila siku, tafuta wastani wa mwezi, toa wastani wa Februari zote za 1991 hadi 2020, hiyo miaka 30 ndio kipimo cha kawaida cha WMO, Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Tuseme umepata 33.4 na kawaida ni 32.1, mwezi umezidi kwa 1.3, lakini hiyo bado sio rekodi bana! Rekodi ni mpaka uipite ile Februari iliyokuwa kali kuliko zote, na hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo. Rudia hesabu kwa joto la chini la usiku pia, mchana unaweza kuwa wa kawaida kumbe usiku ndio umepanda.

Data za stesheni ziko kwa UNMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Uganda, ila ukikuta mapengo, hasa miaka ya vurugu ya 1970 na 1980, usijaze kwa kukisia. Kuna na ERA5 ya Copernicus, mradi wa Ulaya, hiyo ni data ya hali ya hewa ya dunia nzima iliyopigwa hesabu na kompyuta kwa kugawa ramani vimraba, ya bure, inaanzia 1940, shida kila kimraba chake ni kama kilomita 30 kwa upande, kwa hiyo Entebbe inachanganywa na maji ya ziwa. Inafaa kuona mwelekeo, sio kutangaza rekodi ya mji.

Na namba ikishangaza sana ishuku. Nyuzi 58 za El Azizia, Libya, za 1922 zilikaa vitabuni kama rekodi ya joto ya dunia miaka 90 mpaka WMO ikazifuta 2012.

Ukisikia 2024 ndio mwaka uliokuwa na joto kuliko yote, huo ni wastani wa dunia nzima, Soroti itabidi uicheki peke yake.