Somo: Kutoka Dalili Hadi Jina la Ugonjwa wa Akili, Hatua kwa Hatua

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari, matabibu na wauguzi ambao humwona mgonjwa wa akili kabla hajafika kwa daktari bingwa. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi ni la kuikamata dalili moja na kuipa papo hapo jina la ugonjwa: anayesikia sauti anaandikiwa skizofrenia (ugonjwa wa muda mrefu wa kuvurugika fikra), anayelia anaandikiwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), anayezungumza bila kukoma anaandikiwa mania (kipindi cha msisimko na nguvu kupita kiasi). Sauti hizo hizo huweza kusikika katika skizofrenia, katika sonona kali, katika mania, kwa mtu aliyeacha pombe juzi, na hata kwa mjane aliyemzika mumewe mwezi uliopita. Dalili peke yake haitoshi kuyatenganisha haya. Inabidi kujua ilianza lini, ilianza ghafla au taratibu, iliambatana na nini, na mtu huyu alikuwaje kabla yake. Ndiyo maana hatua zifuatazo karibu zote zitakurudisha kwenye tarehe.

Hatua ya 1: Sikiliza vinywa viwili

Anza na mgonjwa mwenyewe, akiwa peke yake ikiwa hali inaruhusu, kisha zungumza na ndugu anayeishi naye. Mgonjwa wa mania atakuambia kwamba hajawahi kujisikia vizuri kama sasa, na kwa upande wake anasema kweli. Ni dada yake atakayekueleza kwamba ana siku 6 hajalala na kwamba ameuza vyombo vya nyumba.

Andika maneno yake kama alivyoyatamka. Kuandika kwamba "anasikia sauti" hakumsaidii atakayesoma faili baada yako. Uliza kama sauti ni moja au ni nyingi, kama inamsemesha yeye au zinamjadili yeye kati yao, kama anaisikia kwa masikio kama anavyokusikia wewe au ni mawazo yake mwenyewe kichwani, na zaidi ya yote, kama inamwamuru kutenda jambo.

Papo hapo uliza habari za kujiua. Wengi huogopa kwamba swali litapanda wazo ambalo halikuwepo. Halipandi, na wagonjwa wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Ingia kwa ngazi: kuna nyakati unaona heri usingeamka? Umewaza kujitoa uhai? Umefikiria utafanyaje? Kifaa au sumu hiyo unayo? Uliwahi kujaribu? Aliyewahi kujaribu yumo katika hatari kubwa kuliko ambaye hajawahi, hata kama leo anatabasamu.

Hatua ya 2: Mwili kwanza

Hatua hii ndiyo inayookoa maisha, na ndiyo inayorukwa pale wodi inapojaa. Mchukue mzee aliyeletwa kwa kuwa "amechanganyikiwa tangu jana". Amelala, macho yanazunguka dari, na vidole vyake vinanyofoa kwenye shuka nyuzi ambazo hazipo. Mwombe ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma: Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, kisha ananyamaza, anakuuliza swali lisilohusika, anasinzia. Asubuhi alimtambua mwanawe, na jioni anamwita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Kuanza ghafla, kupanda na kushuka ndani ya siku moja, na kushindwa kuweka makini ni alama za deliriamu, na deliriamu humaanisha kwamba kuna kitu mwilini kinachouumiza ubongo: maambukizi, sukari iliyoshuka, upungufu wa chumvi ya sodiamu, malaria kali, jeraha la kichwa, au dawa alizopewa. Mgonjwa huyu hapelekwi wodi ya akili kabla kiini hakijatafutwa.

Kwa hiyo kila mgonjwa apimwe joto, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, sukari na kiwango cha oksijeni. Uliza pombe kwa kutaja saa ya glasi ya mwisho. Mtetemeko wa kuacha pombe huanza kwa kawaida kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi hiyo, na deliriamu yake hujitokeza zaidi kati ya saa 48 na 96 baada yake, yaani mara nyingi mgonjwa akiwa tayari amelazwa kwa sababu nyingine kabisa. Tezi ya shingo, VVU, kaswende, upungufu wa vitamini B12 na dawa za jamii ya steroidi vyote vinaweza kuvaa sura ya ugonjwa wa akili. Ninashuku mwili zaidi mgonjwa anapoona vitu kuliko anaposikia sauti, na ninashuku zaidi bado pale mtu aliyepita miaka 50 anapopata saikosi, yaani hali ya kusikia au kuamini mambo yasiyo ya kweli, kwa mara ya kwanza maishani.

Hatua ya 3: Hisia, na swali lisilorukwa

Sonona si huzuni ya siku mbili. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM-5, unataka angalau dalili 5 kati ya 9, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki 2, na mojawapo lazima iwe huzuni au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda. Nyingine zinahusu usingizi, hamu ya kula au uzito, uchovu, kujiona hana thamani au kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kufikiri au kuamua, kupungua au kuhangaika kwa miondoko, na mawazo ya kifo. Lakini wengi hawaji wakisema wana huzuni. Huja na kichwa kisichopoa, mgongo, mwili mzito, na vipimo vyote vikiwa safi.

Kabla ya kuandika dawa ya sonona, uliza hivi: je, kuna kipindi maishani ulikuwa na nguvu zisizo za kawaida, ukalala saa chache bila kuchoka, mawazo yakakimbia, watu wakasema umebadilika? Nalisisitiza swali hili kwa sababu niliwahi kuliruka. Mwalimu mmoja wa kike alikuja akiwa amekonda, akizungumza kwa sauti ya chini, akilala saa 14 kwa siku bila kupumzika. Vigezo vya sonona vilitimia, nikamwandikia dawa, nikaridhika. Baada ya wiki 3 alirudishwa na kaka yake saa 10 alfajiri, amevaa nguo tatu moja juu ya nyingine, akinieleza mpango wa kujenga shule 40 bila kunipa nafasi ya neno. Kaka yake ndiye aliyeniambia kwamba miaka 4 nyuma alikuwa hivyo hivyo kwa wiki 2, na familia ilidhani ni furaha ya kupandishwa cheo. Ugonjwa wake ulikuwa wa hisia mseto, yaani baipola, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mgonjwa kama huyo inaweza kumsukuma kwenye mania.

Mania huhitaji wiki 1 au zaidi, ama muda wowote ikiwa imelazimu kulazwa. Hipomania, iliyo nyepesi na isiyovuruga maisha kiasi hicho, huhitaji angalau siku 4.

Hatua ya 4: Saikosi

Mwaka 1899 daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliutenga ugonjwa tunaouita leo skizofrenia na ule wa hisia kwa kutazama jinsi ulivyoendelea kwa miaka, wala hakutegemea dalili za siku moja. Njia hiyo bado inafaa. Ikiwa imani zisizo za kweli na sauti huonekana tu wakati wa mania au sonona kali, na hutoweka hisia zinaporudi sawa, ugonjwa ni wa hisia. Ikiwa zinaendelea hisia zikiwa tulivu, fikiria skizofrenia, hasa pale ndugu wanapokueleza kwamba tangu miezi mingi nyuma kijana alianza kujitenga, kuacha kuoga na kutoonyesha hisia usoni. ICD-11, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, hutaka dalili za mwezi 1 au zaidi, ilhali DSM-5 hutaka dalili za usumbufu ziendelee kwa angalau miezi 6. Saikosi ya siku 10 haiwezi basi kuitwa skizofrenia kwa mwongozo wowote kati ya hiyo miwili.

Imani inayoshirikiwa na watu wa dini au jamii ya mgonjwa isihesabiwe kuwa dalili. Waulize wenzake: je, nanyi mnaamini hivi, na kwa kiasi hiki?

Hatua ya 5: Wasiwasi na jamaa zake

Hapa nitapita haraka. Shambulio la hofu hufikia kilele ndani ya dakika chache, na mgonjwa huamini anakufa kwa moyo. Wasiwasi wa jumla hukaa miezi mingi, DSM-5 ikitaka 6, ukihama kutoka jambo hadi jambo. Baada ya kiwewe, dalili za ndoto mbaya, kukwepa na kushtuka zikizidi mwezi 1 ndipo tunataja msongo wa baada ya kiwewe. Mwenye mawazo shurutishi huosha au hukagua tena na tena, na kwa kawaida huyaonea aibu, kwa hiyo hatakuambia usipomuuliza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, asante kwa somo. Umemtaja mjane anayesikia sauti ya mumewe. Nitajuaje kwamba ni msiba tu?*

Kusikia sauti ya marehemu akiita jina, au kuhisi yupo chumbani, ni jambo la kawaida katika msiba. Huzuni ya msiba huja kwa mawimbi na humhusu marehemu. Katika sonona mtu hujiona yeye mwenyewe hana thamani. Majonzi makali yanayomzuia kuishi yakipita miezi 6 kwa ICD-11, au 12 kwa mtu mzima katika toleo la DSM la mwaka 2022, yana jina lake la kitabibu na yanastahili tiba.

*Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Mama akilia baada ya kujifungua, niite nani?*

Marahaba. Machozi yanayofika kilele siku ya 3 hadi ya 5 na kuisha ndani ya wiki 2 huhitaji faraja na usingizi. Yakiendelea, mpime sonona. Lakini mama asiyelala hata mtoto anapolala, anayechanganyikiwa au kusema mambo ya ajabu kuhusu mtoto, hasa ndani ya wiki 2 za kwanza, mwite daktari saa hiyo hiyo, na wala asiachwe peke yake na mtoto. Saikosi ya uzazi ni dharura.

*Mgonjwa wangu amepata alama 14 kwenye PHQ-9, dodoso la maswali 9 kuhusu dalili za sonona. Je, niandike sonona?*

Hapana, bado. Alama 10 na kuendelea zinakuambia umchunguze kwa kina. Dodoso halijui kama ana tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu au kama aliwahi kupata mania. Soma pia jibu la swali la 9, linalohusu kujidhuru, hata jumla ikiwa ndogo.

*Kijana wa miaka 19 anavuta bangi kila siku na sasa anasikia sauti. Ndugu wanataka jina la ugonjwa leo. Nifanyeje?*

Waambie ukweli kwamba leo jina halijawa wazi, na kwamba tiba haitalisubiri. Mtibu saikosi, msaidie aache bangi, na kwenye faili andika saikosi ambayo chanzo chake hakijabainika, tarehe ya msokoto wa mwisho, na tarehe ya kumwona tena baada ya mwezi 1. Sauti zikiwa bado zipo siku hiyo ilhali bangi ameiacha kweli, na ndugu wamethibitisha, bangi peke yake haitoshi kuzieleza. Hapo rudi hatua ya 4, uwaulize ndugu alianza kubadilika lini: kabla ya bangi, au baada yake.