Kuunganisha darubini na kompyuta: anza kwa kupiga hodi

Darubini yangu ya nyota ni NexStar ya inchi 6, aina inayozungushwa na mota na kuongozwa kwa rimoti. Huitega Igombe, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mwanza, siku za giza. Siku hizohizo ndizo wavuvi wa dagaa wanazozitaka, kwa hiyo ziwani taa zao huwaka kama mji mwingine, nami nawapa mgongo. Kamera na programu zote zinaendeshwa na Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo niliyoifunga kwenye mguu wa darubini.

Wengi hufungua programu ya ramani ya nyota kwanza, ikigoma wanabadilisha waya, draiva na mipangilio kwa mpigo. Hapo hutajua kilichokuwa kibovu. Hakikisha hatua moja inafanya kazi ndipo uende nyingine.

Hatua ya 1: Waya

Rimoti mpya zina tundu dogo la USB. Waya wa kawaida unatosha. Za zamani zina tundu kama la mkono wa simu ya mezani, linalotoa RS-232 (mtindo wa zamani wa vifaa kuwasiliana kwa waya), na zinahitaji waya wake pamoja na adapta ya RS-232 kwenda USB. Usidanganyike na adapta za TTL za bei poa wanazotumia mafundi wa vifaa vya elektroniki. TTL inaishi kati ya volti 0 na 5, wakati RS-232 inapanda kwenye chanya na kushuka kwenye hasi. Mimi niliunguza moja hivyohivyo, nikaupata moshi kabla ya nyota.

Pia, waya wa kompyuta unaingia kwenye rimoti, si kwenye tundu la AUX (la vifaa vya ziada) lililo kwenye darubini yenyewe. Plagi itaingia AUX bila kugoma, lakini mle mna volti 12.

Hatua ya 2: Je, kompyuta imeuona?

Chomeka waya kwenye Raspberry Pi, washa darubini, kisha andika kwenye dirisha la amri (terminal) la Raspberry Pi:

`dmesg | tail`

Tafuta mstari unaoishia na `ttyUSB0`. Halafu jipe ruhusa ya kuutumia:

`sudo usermod -aG dialout $USER`

Toka kwenye akaunti yako, ingia upya.

Hatua ya 3: Piga hodi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayorukwa na wengi.

`screen /dev/ttyUSB0 9600`

Skrini itakuwa tupu. Bonyeza K ya herufi kubwa, kisha x ndogo, bila Enter. Ulichoandika hakitaonekana, kitakachoonekana ni jibu la darubini:

`x#`

Ukiandika `Ka`, itarudisha `a#`. Hiyo ni hodi na karibu. Kimya kabisa? Shida iko kwenye waya au adapta, rudi hatua ya 1. Ukiona takataka za herufi, kasi si 9600. Ukimaliza, bonyeza Ctrl-A, kisha k, ukubali kwa y. Ukiiacha `screen` wazi, programu inayofuata itakuta mlango umeshikwa.

Hatua ya 4: Seva ya INDI

INDI ndiyo programu inayounganisha darubini na programu za nyota.

`sudo apt install indi-bin`
`indiserver -v indi_celestron_gps`

Kwenye laptop, fungua KStars, ile programu ya ramani ya nyota, weka anwani ya Raspberry Pi na mlango (port) 7624, basi.

Hatua ya 5: Saa na mahali

Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Ukiiwasha mahali pasipo na intaneti, inaamka na saa ya zamani. Anga inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kosa la dakika 20 ni nyuzi 5, na nyota uliyoilenga haitaonekana kwenye kamera.

Halafu kuna saa yetu ya Kiswahili. Machi moja nilimwambia kijana anayenisaidia, "Weka saa mbili na nusu." Akaweka 02:30. Ramani ikadai Sirius imeshazama, nayo inawaka karibu na utosi wetu. Siku hizi nasema "ishirini na nusu", ananicheka, lakini anaandika 20:30. Kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, hiyo ni 17:30.

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`date`

Soma jibu la `date` ulinganishe na simu yako. Mahali nako: Mwanza iko karibu na latitudo -2.5 na longitudo 32.9. Ukiisahau ile alama ya kutoa, umejihamishia kaskazini ya ikweta.

Hatua ya 6: Jaribio

Usianze na nyota za utosini. Huku kwetu mkanda wa Jabari (kundi la nyota la Orion) hupita karibu kabisa na utosi, na darubini inayozunguka kushoto-kulia na juu-chini huhangaika kuzifuata nyota za pale. Chagua iliyo nusu ya njia kutoka upeo wa macho.

Inapogeuka, mkono wako uwe kwenye swichi na macho kwenye waya. Acha waya uwe na urefu wa kuzunguka duara zima, maana ukikaza, kinachong'oka ni tundu la rimoti.